Umri wa Mashine Tunduma

Mwaka 1973 reli ya TAZARA ilifika mpakani Tunduma ikitokea Dar es Salaam. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, ila yakiwekwa bega kwa bega yanaeleza kazi ya ofisi ilivyokuwa pale mpakani kwa miaka mingi: mizigo ya Zambia na Kongo ikiongezeka, na karatasi zake zikipigwa kwa taipureta.

Katazo hilo lilikuwa na chanzo chake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine mambo yaliharibika, fedha za kigeni zikawa zimeshatumika, na wizara ikarudi kwenye kazi ya mkono. Karani wa wakala wa forodha wa miaka ya 1980 hakuwa na la kuchagua. Vitendea kazi vyake vilikuwa taipureta, karatasi za kaboni na mhuri, na akikosea herufi moja kwenye nakala ya juu, nakala zote za chini zilimsubiri azirekebishe.

Katazo la 1974 ndilo lililokuwa amri ya kwanza ya aina yake, lakini halikuwa la mwisho. Kwa nusu karne sasa, mashine ipi inafaa na ipi imezeeka ni jambo ambalo mfanyabiashara wa Tunduma ameamuliwa zaidi na watu walio mbali kuliko na mfuko wake mwenyewe.

Masharti yalilegezwa taratibu, na biashara huria ya miaka ya 1990 ikafungua mlango. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilianza kazi Julai 1, 1996, na forodha ikawa chini yake. Miaka ya 2000 ukaja ASYCUDA++, mfumo wa forodha uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD, na taarifa za mzigo zikaanza kuingizwa kwenye kompyuta badala ya kuishia kwenye karatasi. Wakala mdogo mwenye chumba kimoja na meza mbili akajikuta lazima awe na mashine. Hapo ndipo swali la dukani lilipozaliwa: achukue mpya ya kwenye boksi, au mtumba?

Wengi, kwa hesabu ya mtaji, walichukua mtumba. Mashine hizo zilikuwa za ofisi za Ulaya na Marekani, ambako makampuni hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache hata kama bado zinafanya kazi. Dell OptiPlex, HP Compaq na ThinkCentre zilipita Dubai au kuja moja kwa moja, zikashushwa Kariakoo, kisha zikasafiri zaidi ya kilometa 900 hadi mpakani, zikiwa na monita za chogo ambazo mtu mmoja hazibebi bila kupumzika. Ubavuni bado zilikuwa na vibandiko vya namba za mali za ofisi zilikotoka.

Mtumba una siri zake, na fundi ndiye anayezijua. Mfano mzuri ni Dell OptiPlex GX270, iliyotoka mwaka 2003. Kwa sura ilikuwa mashine ya kuaminika, lakini ubao wake mkuu ulikuwa na kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja, tatizo lililoikumba dunia nzima miaka hiyo na kuilazimu Dell kutenga mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya matengenezo. Mnunuzi aliyejua hilo alifungua boksi kabla ya kulipa, akatazama vichwa vya yale makopo madogo kando ya prosesa. Vikiwa bapa, alianza kupatana bei. Vikiwa vimetuna, alimrudishia muuzaji mashine yake.

Siri nyingine ni ndogo zaidi. Kwenye ubao huohuo kuna betri ya duara, CR2032, inayotunza saa umeme ukizimwa. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani iko miaka kumi au zaidi nyuma. Zamani hilo lilileta tu tarehe za ajabu kwenye barua. Siku hizi tovuti salama hukagua tarehe kabla ya kufunguka, kwa hiyo mwenye stesheneri huweza kudhani intaneti imekatika, au mashine imefikia mwisho wake, kumbe dawa ni betri ya bei ya soda.

Umeme nao ulikuwa na sauti yake. Kwa miaka mingi Tunduma, sawa na Sumbawanga, ilitumia umeme ulionunuliwa Zambia, hivyo taa za upande huu zilitegemea hali ya upande wa pili. Kompyuta ya mezani haina betri kama ya mpakato. Umeme ukikatika, fomu iliyokuwa ikijazwa imepotea, na anayepanga bajeti lazima aongeze UPS. Halafu kuna gharama ya umeme wenyewe, LUKU. Prosesa ya Pentium 4 ya mwaka 2004 iliweza kula hadi wati 115 peke yake, wakati Core 2 Duo ya mwaka 2006 ilipangiwa wati 65 na kazi iliifanya haraka zaidi. Tofauti ya wati 50 kwa saa 10 za kazi ni nusu uniti kwa siku, na kwa siku 26 za mwezi ni uniti 13. Mashine ya bei chee iliendelea kudai malipo kimyakimya kila mwezi.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukajengwa kuelekea mipakani, Tunduma ikiwamo. Mwaka 2014 TRA ikaachana na ASYCUDA++ na kuingia TANCIS, mfumo uliojengwa kwa ujuzi wa forodha ya Korea Kusini. Aprili mwaka huohuo Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mashine nyingi za mtumba. Hapana aliyeipigia Tunduma simu kuuliza kama iko tayari.

Mwaka 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa, makao makuu yakawa Vwawa. Huduma za serikali nazo zilikuwa zikihamia mtandaoni: maombi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, usajili wa biashara BRELA, malipo kwa namba ya udhibiti. Stesheneri za Vwawa, Mlowo na Tunduma zikawa madirisha ya ofisi hizo. Lakini hitaji la stesheneri si lile la wakala wa forodha. Anayechapa barua, kutoa kopi na kusafisha picha za pasipoti anaweza kuishi na mashine ya zamani. Tena ile ya zamani ina tundu la printa za nukta, zile zinazogonga nakala tatu kwa mpigo, ambalo mashine mpya nyingi hazina.

Kwa wakala mambo yalibadilika Oktoba 5, 2019, Marais John Magufuli na Edgar Lungu walipozindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde. Maofisa wa nchi mbili wakawekwa chini ya paa moja ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Zamani dakika ambazo mashine ya wakala ilichukua kuamka zilijificha ndani ya foleni iliyorudi nyuma kuelekea Mpemba. Foleni inapofupishwa, dakika hizo huonekana, na dereva hujua ni za nani.

Wakati huo ujio wa diski za SSD za bei nafuu ulikuwa umevuruga mpaka kati ya kuukuu na jipya. OptiPlex 9020 au EliteDesk 800 G1, zote za mwaka 2013, zikivuliwa diski ya zamani, kuwekewa SSD na kuongezwa RAM, huwaka kwa sekunde chache na kufungua mifumo ya serikali bila taabu.

Kisha ukaja mstari mwingine. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na Oktoba 14, 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikuwa imekadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeachwa nje kwa sababu hiyo. Mashine za kizazi cha sita na cha saba, ambazo bado zina nguvu, ndizo ofisi za Ulaya na Marekani zinazozitoa sasa. Mwenye stesheneri anayetaka mashine ya kuchapa kadi za harusi atapata yenye kasi kuliko aliyowahi kuimiliki, na huenda kwa bei ndogo. Wakala anayeingiza siri za wateja wake kwenye mfumo wa forodha atasimama mbele ya rafu ileile, aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei.