Kunguru Wawili

Tangu nilipostaafu ualimu nimejiwekea desturi moja ndogo. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, huenda kuketi katika Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, nikatazama ndege. Bustani hiyo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mimea ya kigeni. Sina darubini. Nina daftari, kalamu na macho ya mzee wa miaka sabini na kitu. Humwona chozi akifyonza maua, tetere akiokota punje njiani, na tausi wakitamba kana kwamba kiwanja ni chao. Lakini kwa kila ndege mmoja wa aina hizo, huandika kunguru wengi.

Mazoea haya niliyapata chuoni, katika miaka ya 1970. Mkufunzi wetu wa sayansi alikuwa akitutoa nje na madaftari, kila mmoja aandike alichokiona, si alichokisikia. Alikuwa akisema kuwa mwalimu asiyejua kutazama hawezi kumfundisha mtoto kutazama. Maneno hayo niliyaandika, nikafaulu mtihani, kisha nikayasahau. Nitaeleza jinsi nilivyoyasahau.

Kwanza tuwajue kunguru wenyewe, maana ni wawili. Yupo kunguru wetu wa asili, mkubwa kidogo, mweusi mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni. Na yupo kunguru wa Bara Hindi, mwembamba, mwenye shingo ya kijivu. Nadhani wahenga waliosema kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake walikuwa wakimtazama yule wa kwanza. Huyu wa pili hana woga huo. Hushuka mezani ukiwa umekaa hapo hapo, akachukua kitumbua na kuondoka.

Kunguru huyo hakuja kwa hiari yake. Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na katika miaka hiyo ya 1890 kunguru hao waliletwa kutoka Bara Hindi ili wale taka za mji. Fikra yenyewe ilionekana nyepesi: ndege hula uchafu, mji una uchafu, basi aletwe ndege. Lakini kunguru hakupewa orodha ya kazi. Alikula taka, akala na mayai ya ndege wengine, makinda yao, vifaranga vya watu na matunda ya mashambani. Baadaye ikabidi awindwe na watu wale wale waliofurahia kuja kwake. Kutoka visiwani akaenea mwambao wa bara. Mwaka 1947 alikuwa amekwisha kuonekana Mombasa. Kila alipostawi, kunguru wetu wa kifua cheupe alipungua mjini, na ndege wadogo wakakosa pa kulelea makinda yao.

Sasa nije kwangu. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji. Tulikuwa na mradi wa kuku, kwa mujibu wa siasa ya elimu ya kujitegemea, na kunguru walikuwa wakitumalizia vifaranga. Siku moja, pale mstarini, nikatangaza vita: kila mtoto atakayeleta kunguru au mayai ya kunguru atapewa daftari jipya. Siku zile daftari lilikuwa mali. Watoto walipanda miti yote ya mtaa.

Siku ya tatu alikuja ofisini mvulana wa darasa la nne. Akaniamkia, kisha akaweka mezani ndege mwenye kifua cheupe, shingo imelegea. "Mwalimu, na huyu naye ni kunguru?" Nilimtazama yule ndege. Nilijua tofauti, nilikuwa nimefundishwa. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na hesabu za mradi za kumaliza. Nikamjibu, "Kunguru ni kunguru," nikampa daftari lake. Kuanzia hapo walileta kila kitu chenye mabawa meusi, na viota vya minana juu yake.

Vifaranga havikupona. Nyuma ya jiko la shule palikuwa na jalala letu, wazi, na kunguru wa shingo ya kijivu walizidi kumiminika hapo. Sikumwambia mtu yeyote achimbe shimo na kulifukia.

Nilikuja kuona kwamba kosa langu lilikuwa lile lile la wale waliotawala Unguja. Wao waliona taka wakaleta ndege. Mimi niliona ndege nikaua ndege. Hakuna kati yetu aliyegusa taka. Katika miaka ya 1990 Zanzibar iliendesha kampeni ya sumu na mitego, na kunguru wakapungua sana. Fedha zilipokwisha, wakarudi. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Siupingi uwindaji, maana mgeni huyu ni mharibifu kweli. Ila kunguru aliyeuawa huacha nafasi yake mezani, na maadamu meza imeandaliwa, mwenzake atakuja kuketi.

Siku hizi huenda bustanini na mjukuu wangu. Juma lililopita aliniuliza, "Babu, yule naye ni kunguru?" Nilitua kalamu. Nikamwambia, "Tazama shingo yake kwanza, halafu uniambie wewe." Alitazama kwa muda mrefu. "Ya kijivu," akasema, akaandika. Tunamsubiri yule wa kifua cheupe. Ukurasa wake tumeuacha wazi.