Sauti na utangazaji katika delta ya Rufiji na Kibiti

Delta ya Rufiji iko kusini mwa Mkoa wa Pwani, Tanzania. Sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji mwaka 2015. Mikoko yake hufunika hekta 53,000 hivi, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huo katika pwani ya Afrika Mashariki. Wakazi wake, wakiwemo Wandengereko na Wanyagatwa, hulima mpunga na kuvua kamba na samaki, na vijiji vingi hufikiwa kwa mtumbwi au boti. Makala hii inahusu namna sauti inavyonaswa, inavyorushwa na inavyosikilizwa katika mazingira hayo, tangu simu ya upepo ya vita vya kwanza vya dunia hadi mitambo ya kidijitali ya leo.

Tangu mwaka 2000 uhandisi wa sauti umegeuka karibu wote. Kanda zimeacha nafasi kwa faili, nyaya nene za studio zimeacha nafasi kwa mtandao, na ukubwa wa sauti hupimwa kwa vipimo vinavyofuata sikio la binadamu. Dar es Salaam mabadiliko haya hujadiliwa kwa upande wa ubora. Delta ina swali linalotangulia hilo: sauti inafika, au haifiki?

Mawimbi, maji na mikoko

Mawimbi ya FM, yaani kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mwisho wake ni upeo wa macho wa redio. Kwa hesabu ya kawaida ya mafundi, mnara wa mita 300 hufikisha mawimbi kwa msikilizaji mwenye antena ya mita 2 umbali wa kilomita 77 hivi. Mnara wa mita 60 hufikisha kilomita 38. Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti ni kama kilomita 110 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara ni zaidi kidogo ya 130. Kwa hiyo kituo cha FM cha Dar es Salaam kisichokuwa na mtambo mwingine njiani hakiwezi kutegemewa Kibiti, hata kikiongeza nguvu ya umeme mara kumi. Usiku mwingine hali ya hewa hupinda mawimbi na stesheni za mbali zikasikika vizuri, lakini msikilizaji hawezi kupangia ratiba yake bahati hiyo.

Mawimbi ya kati yana tabia nyingine. Hayo hutambaa juu ya uso wa dunia, na maji ya chumvi huyabeba vizuri kuliko ardhi kavu kwa sababu hupitisha umeme mara mamia zaidi. Delta yenye matope ya chumvi na mikono ya mto inayojaa maji ya bahari ni njia nzuri sana kwa mawimbi hayo. Upungufu wake ni gharama. Mnara wa robo ya wimbi kwenye kilohezi 600 hutaka mita 125, mtambo hula kilowati nyingi, na nafasi ya kilohezi 9 kwa kila stesheni hupunguza sauti hadi kilohezi 4.5 hivi, wakati FM hufikisha 15. Muziki hupoteza wembamba wake. Maneno, hata hivyo, hueleweka bila shida, maana sehemu kubwa ya kinachotofautisha herufi moja na nyingine iko chini ya kilohezi 4.

Ndani ya mikono ya mto kuna tatizo la karibu zaidi. Mvuvi aliye chini ya mikoko mirefu kuliko nyumba za kijijini yuko kwenye kivuli cha mawimbi. Majani yaliyolowa hunyonya nguvu, na kadiri masafa yanavyokuwa ya juu ndivyo yanavyonyonywa zaidi, hivyo simu hukatika kabla ya FM.

Sauti ya kawaida, isiyo ya redio, hufaidika na hewa ya huku. Hewa yenye unyevu hunyonya sauti nyembamba kidogo kuliko hewa kavu. Usiku, hewa ya baridi inapolala juu ya maji chini ya hewa ya joto, sauti hupindwa kurudi chini badala ya kupotelea juu. Ndiyo maana ngoma ya kijiji kimoja husikika ng'ambo ya mto kama inapigwa jirani.

Vita vya 1915

Historia ya redio katika delta ilianza kwa mizinga. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba lakini hawakuweza kuilenga, kwa kuwa mikoko iliificha na meli zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji madogo. Julai 1915 walitumia meli mbili bapa, Severn na Mersey. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliangalia mahali makombora yanapoangukia na kutuma masahihisho kwa simu ya upepo, kwa alama za Morse.

Shambulio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Tarehe 11 rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold walipigwa wakiwa angani, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho wakati ndege inashuka kuelekea mtoni. Wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaangamizwa siku hiyo hiyo. Ulikuwa miongoni mwa mifano ya awali ya ndege kuongoza mizinga ya meli kwa redio, na mazingira yake yanaeleza sababu: palipo na mikoko, jicho la aliye majini haliwezi kazi ambayo wimbi linaweza.

Kutoka Sauti ya Dar es Salaam hadi TBC

Utangazaji wa umma Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kuliita Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Kwa karibu miaka 30 RTD ilikuwa peke yake hewani Tanzania Bara, ikitumia mawimbi ya kati na mafupi, na studio yake ya Barabara ya Pugu ilikuwa mahali ambapo bendi nyingi za nchi zilirekodi nyimbo zao kwenye kanda za reli.

Rufiji ya wakati huo ilikuwa katikati ya mageuzi makubwa. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wengi wa bonde kwenda vijiji vya nchi ya juu, ilhali watu wa delta wengi walibaki. Jamii iliyotawanyika hivyo ilihitaji chombo kisichotegemea barabara. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, vikiongozwa na viongozi wa vikundi kama 75,000 waliofundishwa kwa kazi hiyo. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu, kikajadiliana, kisha kikaenda kuchimba choo. Redio moja ya betri ilitosha kikundi kizima. Ni vigumu kutaja mfumo wowote wa baadaye uliofanya kazi kubwa hivyo kwa vifaa vichache kiasi hicho.

Sheria ya utangazaji ya 1993 iliondoa ukiritimba wa serikali. Radio One ilianza 1994, Clouds FM ikafuata mwishoni mwa muongo huo, na RTD yenyewe, baada ya kupitia Taasisi ya Utangazaji Tanzania, ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, mwaka 2008. Wasikilizaji wa mijini walipata sauti safi na vipindi vingi. Vijiji vilivyo mbali na mnara vilipata kidogo, kwa sababu biashara ya matangazo hufuata penye watu wengi. Redio mpya madukani nazo zikabadilika: simu ya tochi, ambayo ndiyo redio ya wengi sasa, ina FM peke yake. Hata mtambo wa mawimbi ya kati ukiwashwa kesho, simu hiyo haitausikia.

Simu hiyo hutumia waya wa spika za masikioni kama antena. Robo ya wimbi kwenye megahezi 100 ni sentimita 75, hivyo waya wenye urefu wa mita moja na ushei hufaa, mradi umenyooshwa. Ukikunjwa mfukoni, stesheni dhaifu hupotea. Simu janja nyingi za sasa hazina tundu la waya huo, na hivyo hazina FM hata kidogo. Mwenyewe husikiliza kwa intaneti pale mnara wa simu unapofika.

Mitambo ya leo

Zamani ripota wa wilayani alisoma habari kwa simu ya mezani, na laini ilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu. Leo hurekodi kwa simu akiwa gatini Nyamisati na kutuma faili. Njia inayobeba sauti hiyo mara nyingi ni Opus, kodeki iliyosanifishwa mwaka 2012 na inayotumika katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hufanya kazi kuanzia kilobiti 6 kwa sekunde, na kwa kilobiti 24 au 32 sauti ya mtu huwa na uhai kuliko ilivyowahi kuwa kwa laini ya simu. Kwa maeneo yenye mtandao wa kubahatisha, huu ni msaada mkubwa kuliko studio yoyote ya kifahari.

Ndani ya vituo vikubwa sauti sasa hupita kwenye nyaya zilezile za kompyuta. Mfumo wa Dante wa kampuni ya Audinate ya Australia ndio unaojulikana zaidi, na kiwango cha AES67 cha 2013 huruhusu mifumo tofauti kuzungumza. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa kanuni ya ITU-R BS.1770, na watangazaji wa Ulaya hufuata R 128 ya 2010, inayolenga LUFS −23. Kipimo hiki kinastahili kushikwa na kila kituo cha Kiswahili, kidogo kwa kikubwa. Tangazo la biashara linaporuka juu ya sauti ya msomaji wa habari, msikilizaji hupunguza redio, na taarifa inayofuata haisikii.

Programu za kuondoa kelele, nyingine zikitumia akili mnemba, husafisha mlio wa injini ya boti nyuma ya mahojiano. Zitumike kwa kiasi. Kiswahili huanza maneno mengi kwa sauti ya pua iliyo hafifu, kama katika mto, mvua na nchi. Kifaa kinachofungua maiki pale tu sauti inapopanda huchelewa, na msikilizaji hupata neno lisilo na kichwa. Fundi aliyezoea Kiingereza hawezi kuligundua kosa hilo kwa urahisi.

Shereheni

Kazi ya sauti inayolisha mafundi wengi zaidi pwani ni ya harusi, unyago na mikutano. Muziki wa mchiriku, uliotokana na ngoma za Wazaramo, ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa kwenye ampilifaya na spika za tarumbeta. Kundi la Jagwa Music la Dar es Salaam liliufikisha Ulaya kwa albamu ya 2012. Singeli, iliyozaliwa humo humo uswahilini na kuendeshwa kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hutengenezwa kwa kompyuta katika studio kama Sisso.

Tarumbeta hutupa mbali sauti ya kati, haili umeme mwingi, na huhimili mvua. Ndiyo maana haijaondoka, ingawa mikisa za kidijitali kama X32 ya Behringer ya 2012 zimeshuka bei na kuingia makanisani na kumbini. Spika mbili zikiwekwa mita 35 mbali, aliye jirani na ya pili husikia ya kwanza ikichelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, maana sauti katika joto la nyuzi 30 huenda mita 349 kwa sekunde. Mikisa ya kidijitali huichelewesha spika ya pili kwa kiasi hicho, na maneno ya mshereheshaji yakaeleweka nyuma kama mbele. Maiki zisizo na waya zina sharti lake: masafa ya megahezi 694 hadi 790 yamepewa simu katika ukanda wa ITU unaojumuisha Afrika, hivyo maiki za zamani za masafa hayo huingiliwa. Chumvi nayo hula plagi. Fundi wa delta hufuta na kukausha kila kiungo baada ya safari ya boti, la sivyo wiki inayofuata huanza mikwaruzo.

Tahadhari za hali ya hewa

Aprili 2024 mafuriko ya mto yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikaingia Mafia, ng'ambo tu ya delta, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kutoa taarifa mfululizo. Vituo vya jamii vya pwani kama Pangani FM na Micheweni FM ya Pemba vimeonyesha kwamba stesheni ndogo, yenye watangazaji wa hapo hapo, huweza kuigeuza taarifa ya kitaalamu kuwa agizo ambalo mvuvi analielewa: vuta chombo, usitoke leo.

Kutoka mji wa Kibiti hadi midomo ya mto ni karibu kilomita 50, umbali ambao mnara mmoja wa kawaida huufikia kwa shida. Mtambo mdogo wa pili, wa wati mia chache na paneli za jua, ukiwekwa karibu na maji, ungeziba pengo hilo kwa gharama ndogo kuliko kuongeza nguvu ya mnara wa mjini. Upimaji wa mawimbi kwa kazi hiyo usifanyiwe barabarani. Bamvua la huku hushuka mita 3 na zaidi, na mtumbwi ukiwa chini ya kingo, katikati ya mikoko, ndipo redio inapopata taabu kuu. Anayepanga mnara apande mtumbwi, asubiri maji yapwe, apimie hapo.