Dhana ya Mahali na Msamiati wa Kutobainika katika Makala ya Heisenberg ya Mwaka 1927

Makala ambayo Werner Heisenberg aliiandika mjini Copenhagen, na ambayo jarida la Zeitschrift für Physik liliipokea tarehe 23 Machi 1927, hukumbukwa zaidi kwa mlinganyo wake kuliko kwa swali lililoizaa. Swali hilo lilihusu maana ya maneno. Heisenberg alishikilia kwamba kauli "mahali pa elektroni" haina maana mpaka litajwe jaribio ambalo kwalo mahali hapo panaweza kupimwa.

Jaribio alilolitaja, la kimawazo tu, ni la hadubini itumiayo miali ya gama. Kadiri urefu wa wimbi unavyopungua, ndivyo mahali pa elektroni panavyopimika kwa usahihi zaidi. Lakini mwali wa namna hiyo huisukuma elektroni kwa nguvu zaidi, na momenta yake, yaani zao la tungamo na kasi, huvurugika. Kasoro hizo mbili zikizidishwa, jibu hukadiriwa kuwa h, yaani kiwango kisobadilika cha Planck.

Niels Bohr, aliporejea kutoka mapumzikoni Norwei, aliliona kosa. Msukumo pekee hautoshi, kwani msukumo ambao kiasi chake kinajulikana ungeweza kukokotolewa na kuondolewa. Kinachozuia hesabu hiyo ni upana wa lenzi, usioruhusu kujua mwali uliotawanyika umeelekea wapi hasa. (Mwaka 1923, katika mtihani wake wa udaktari mjini Munich, Heisenberg alikuwa ameshindwa kueleza uwezo wa hadubini kutenganisha vitu vilivyokaribiana.) Kosa lilikubaliwa katika nyongeza ya makala, na ni katika nyongeza hiyo ndimo lilimojitokeza neno Unsicherheit, kutokuwa na uhakika, matini yenyewe ilitegemea zaidi Ungenauigkeit, ukosefu wa usahihi.

Mwaka huohuo Earle Kennard alithibitisha kihisabati ukosefu wa usawa unaohusisha michepuko wastani ya mahali na momenta. Uthibitisho wake hauhitaji hadubini wala mpimaji. Unaeleza hali ya elektroni yenyewe. Hapa ndipo istilahi ya Kiswahili "kutokuwa na uhakika" inapopotosha, kwa kuwa humdai mtu mwenye shaka. "Kutobainika", kwa kauli yake ya kutendeka, hakumtaji mtenda, japo nako kuna kivuli cha yule anayebainishiwa. Istilahi hiyo yaifaa hoja ya Kennard; kwa matini ya Heisenberg ya 1927, tafsiri aminifu inabaki kuwa ukosefu wa usahihi wa kipimo.