Svalbard: Visa ya kwenda na ya kurudi

Svalbard ni visiwa vya Norwei karibu na Ncha ya Kaskazini. Wageni huenda kutazama dubu weupe, sili na ndege wa baharini. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Agosti, jua halizami usiku wala mchana.

Visiwa hivyo havidai visa, lakini haviko ndani ya Schengen. Ukitoka Oslo kwenda huko umetoka Schengen; ukirudi unaingia upya. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya aombe visa ya kuingia mara mbili. Ya mara moja itamkwamisha kurudi.

Nje ya mji, tunashauri uandamane na mwongozaji mwenye silaha. Tangu 2025 sheria inakataza kumkaribia dubu chini ya mita 300. Machi hadi Juni, mita 500.