TEKNOLOJIA: Jinsi ya kutambua kinachozimisha tarakilishi iliyoongezwa kasi

KIJANA aliyenunua tarakilishi kwa fedha za kudunduiza hushawishika upesi anaposikia kwamba prosesa yake yaweza kukimbia kupita kasi iliyoandikwa kwenye sanduku. Huingia katika BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, akapandisha tarakimu mbili tatu, akafurahi. Baada ya saa moja mashine huzima, kazi ikiwa katikati.

Wengi hapo hukimbilia kuongeza volteji ama kuweka Windows upya. Hatua zote mbili ni za kupapasa gizani, kwa kuwa mkosaji hajajulikana. Je, ni prosesa, kumbukumbu, joto au umeme?

Kisa cha Celeron 300A, prosesa iliyotolewa na Intel mwaka wa 1998, kingali funzo zuri. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha kasi ya msingi ya ubao mkuu wa mashine kwa nambari iitwayo kizidishi. Kizidishi cha Celeron hiyo kilifungwa kwenye 4.5 na kasi yake ya msingi ilikuwa megahezi 66, ndipo ikapata 300. Waliopandisha kasi ya msingi hadi megahezi 100 walipata 450 pasi na kulipa senti zaidi.

Lakini kasi hiyo ya msingi ndiyo iliyoendesha kumbukumbu pia. Aliyekuwa na vijiti vya kumbukumbu vilivyoundiwa megahezi 66 aliweza kuona mashine ikikwama, akailaumu prosesa isiyo na hatia. Vijiti vya megahezi 100 vilipotiwa, tatizo likatoweka.

Kwa hivyo sharti uanze kwa kurejesha mipangilio yote ya BIOS kama ilivyotoka kiwandani. Iwapo mashine haionyeshi chochote kwenye skrini, izime, ng'oa waya wa umeme, kisha toa betri ya duara aina ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu kwa dakika kadhaa. Ikiwa bado inakwama baada ya hapo, kuongezwa kasi siko kunakoiponza wakati huu, na utafute kwingine: vumbi kwenye feni, kijiti kilicholegea, ama kifaa cha umeme kilichochoka.

Ikitulia, pandisha kitu kimoja pekee. Acha prosesa katika kasi yake ya kawaida, uanze na kumbukumbu.

Hapa wengi hudanganyika kwa sababu hawajui kwamba wameongeza kasi. Kijiti cha DDR4 kilichoandikwa 3200 aghalabu huanza kwa 2133. Ili kifikie 3200 ni lazima uwashe mpangilio uitwao XMP, ambao Intel iliuanzisha mwaka wa 2007, nao hupandisha volteji ya kijiti kutoka 1.2 hadi 1.35. Kwenye DDR5, AMD ina wake uitwao EXPO tangu 2022. Kampuni zenyewe huhesabu jambo hilo kuwa kupita kiwango cha kawaida.

Pima kumbukumbu kwa programu ya Memtest86, ambayo huwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kabla ya Windows kuamka. Iache usiku kucha. Kosa moja tu latosha kukataa mpangilio huo. Hakuna kosa dogo katika kumbukumbu.

Nasisitiza hilo kwa sababu prosesa ikishindwa, mara nyingi mashine huzima nawe ukajua. Kumbukumbu ikigeuza tarakimu moja, mashine yaweza kuendelea kama kawaida huku ikiandika kosa hilo kwenye diski. Mpwa wangu alihariri video za harusi kwa majuma mawili katika hali hiyo. Siku ya kukabidhi, baadhi ya faili hazikufunguka, na nakala za akiba zilikuwa vivyo hivyo, maadamu zilipitia kumbukumbu ile ile mbovu.

Makosa yakionekana, jaribu kijiti kimoja kimoja, katika nafasi ile ile ya ubao. Kimoja kikikosea pekee yake, ndicho kibovu. Vyote vikifaulu kimoja kimoja lakini vikakosea pamoja, punguza kasi hatua moja. Msimamizi wa kumbukumbu yumo ndani ya prosesa yenyewe, tangu 2003 kwa AMD Athlon 64 na 2008 kwa Intel Core i7, na kuendesha vijiti vinne humlemea kuliko viwili.

Kumbukumbu ikiisha kuthibitishwa, geukia prosesa. Programu ya Prime95, iliyoundwa kwa ajili ya kusaka namba tasa kubwa mno, hufanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana na kuyalinganisha. Chagua jaribio la hesabu ndogo, zinazotoshea ndani ya prosesa bila kuigusa sana kumbukumbu. Likishindwa, prosesa ndiyo inayolalamika.

Namna mashine inavyoanguka nayo ina maana. Ikizima ghafla kana kwamba stima imepotea, shuku joto kali au kifaa cha umeme. Ikileta skrini ya buluu yenye maneno WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, yamkini prosesa haipati volteji ya kutosha kwa kasi hiyo. MEMORY_MANAGEMENT yaweza kuashiria kumbukumbu, ingawa programu mbovu nayo huleta ujumbe huo.

Kabla ya kuongeza volteji, piga hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Kutoka 1.2 hadi 1.4 ni nyongeza ya asilimia 36 hivi, kabla hata ya kuhesabu kasi yenyewe. Joto hilo lazima litoke. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hivyo huenda ukaongeza umeme ukaishia kupata mashine ya polepole zaidi. Kwa maoni yangu, kushuka megahezi 100 ni bora kuliko kupandisha volteji.

Kuna mashine zinazofaulu majaribio yote mazito, kisha zikakwama zikiwa zimetulia. Hizo hukosa volteji wakati prosesa inaporuka kutoka usingizini.

Mwisho kuna zinazokwama bila kuguswa na mwenyewe. Mwaka wa 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 za tarakilishi za mezani, zikiwemo Core i9-13900K na 14900K, ziliweza kuharibika kwa kupokea volteji ya juu kupita kiasi. Baadhi ya michezo ilidai kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, ilhali kadi ilikuwa nzima.

Intel ilitoa marekebisho yanayopatikana kwa kusasisha BIOS, na ikaongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia uharibifu lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia, hiyo hubadilishwa.