Maua ya milimani: Kutoka barafu ya Mlima Kenya hadi vilele vya Ukambani

Asubuhi ambayo mawingu hayajatanda, mtu aliyesimama juu ya vilima vya Kitui huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini-magharibi, ukichomoza kama jino jeupe. Ndivyo ulivyoonekana tarehe 3 Desemba 1849 na mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Jina aliloandika Krapf, ambalo Wakamba hulitamka Kiinyaa, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima.

Wataalamu wa Ulaya wa wakati huo walikataa kuamini kwamba theluji ingeweza kukaa karibu na Ikweta. Iliwachukua miaka mingi kukubali. Ilikuwa 1893 ndipo mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory alipofika kwenye barafu ya mlima huo na kueleza jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda. Juu ya misitu alikuta mimea ya maua ambayo haifanani na ile ya nchi tambarare.

Mimea hiyo huitwa mimea ya alpaini, jina lililotokana na milima ya Alps ya Ulaya. Kitui na Makueni hazina mimea ya alpaini kwa maana kamili ya neno hilo. Hata hivyo, kaunti hizo mbili zimefungamana nayo kwa njia mbili: kwa maji yanayotoka kwenye makao yake, na kwa maua ya nyanda za juu yaliyosalia katika vilele vyake vyenyewe.

MPAKA WA MITI

Mimea ya alpaini ni ile inayoota juu ya mpaka wa miti, yaani mahali ambapo baridi huwa kali kiasi kwamba msitu hauwezi kuendelea. Mpaka huo hauko kwenye kimo kimoja duniani kote. Katika milima ya Alps, msitu hukoma kati ya mita 1,800 na 2,300 juu ya usawa wa bahari. Katika Mlima Kenya, miti huendelea hadi karibu mita 3,300, na ukanda wa alpaini huanzia yapata mita 3,500.

Kwa hiyo, Vilima vya Chyulu, ambavyo kilele chake kina mita 2,188, vingekuwa na nyasi na maua ya alpaini kama vingekuwa Uswisi. Kwa kuwa viko karibu na Ikweta, msitu huota hata kwenye vilele vyake vya juu.

Mlima Kenya wenyewe, wenye mita 5,199, umepangika kama ngazi. Chini kuna msitu wa mitarakwa na podo, kisha mianzi, kisha vichaka vya erika vyenye maua madogo meupe au ya waridi. Katika ukanda huo wa vichaka huota pia protea, yungiyungi wa rangi ya moto aitwaye Kniphofia thomsonii, kwa heshima ya mpelelezi Joseph Thomson, pamoja na gladiola nyekundu. Juu zaidi kuna mabonde ya lobelia na senesio kubwa.

Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, alifanya utafiti katika milima mirefu ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1948. Alionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya mimea ya ukanda wa alpaini katika milima hiyo na ile ya Ethiopia haipatikani kwingineko duniani. Kila mlima ni kama kisiwa kilichozungukwa na bahari ya joto, na mbegu za mimea ya baridi haziwezi kuivuka kwa urahisi.

JOTO MCHANA, BARIDI USIKU

Mimea ya Alps hujificha chini ya theluji kwa miezi kadhaa, kisha huchanua wakati wa kiangazi kifupi. Karibu na Ikweta hakuna msimu wa namna hiyo. Mchana jua huchoma, na usiku ukifika maji huganda. Mabadiliko hayo hutokea karibu kila siku ya mwaka, na mmea usiokuwa na kinga hufa.

Kila aina imejipatia ulinzi wake. Senesio kubwa iitwayo Dendrosenecio keniodendron, inayoweza kuzidi mita 5 kwa urefu, haiangushi majani yake makavu. Majani hayo hulizunguka shina kama blanketi na kulizuia lisigande. Usiku majani mabichi hujikunja na kulifunika chipukizi lililo katikati.

Lobelia keniensis hukusanya maji katikati ya majani yake. Usiku maji ya juu huganda, lakini yaliyo chini hubaki bila kuganda na kulilinda chipukizi. Lobelia telekii, iliyopewa jina la Mhungaria Teleki aliyefika mlimani humo mwaka 1887, hutoa mkonga mrefu uliofunikwa manyoya ya kijivu. Maua ya buluu hujificha ndani ya manyoya hayo. Lobelia hiyo hukua kwa miaka mingi, huchanua mara moja tu, hutawanya mbegu zake, kisha hufa.

Anayeyatembelea maua hayo ni ndege aina ya chozi mwenye rangi ya kijani inayometameta. Hunyonya utamu wa maua na kubeba chavua kutoka mkonga mmoja hadi mwingine. Pimbi wa mlimani nao hutafuna majani ya lobelia wanapokosa chakula kingine.

Mabonde yenye mimea hiyo ni chemchemi pana. Udongo wake mweusi na mashina ya nyasi hunyonya maji ya mvua, ukungu na theluji, kisha huyaachilia polepole hata wakati wa kiangazi. Maji hayo, pamoja na yale ya safu ya Aberdare, huingia katika Mto Tana, unaopita mpakani mwa kaunti ya Kitui upande wa kaskazini. Kutoka mabwawa ya Masinga na Kiambere, mabomba hupeleka sehemu ya maji hayo hadi miji ya Kitui na Mwingi. Mkazi wa Mwingi anayefungua mfereji hunywa maji ambayo baadhi yake yalianzia kwenye mizizi ya lobelia.

VILELE VYA MAKUENI NA KITUI

Maua ya nyanda za juu hayaishii Mlima Kenya. Makueni ina vilima vya Mbooni, Kilungu na Nzaui, na upande wa kusini Vilima vya Chyulu, ambavyo kaunti hiyo inapakana navyo pamoja na Kajiado na Taita-Taveta. Kitui ina vilima vya Mutitu, Nuu, Endau na Mumoni. Vyote havifiki kimo cha alpaini, lakini vimeinuka juu ya nyika kame kiasi cha kunasa mawingu. Katika kaunti ya Kitui, maeneo makavu zaidi hupata takriban milimita 250 za mvua kwa mwaka, ilhali vilimani mvua inaweza kufikia milimita 1,050.

Chyulu ndivyo vyenye utajiri mkubwa zaidi. Ni safu changa ya volkano yenye mamia ya vilima vidogo, na baadhi vililipuka kwa mara ya mwisho katikati ya karne ya 19. Vichaka vya Erythrina abyssinica, mti ambao Wakamba huuita muvuti, huchanua maua mekundu kama makaa kwenye kingo za msitu. Ndani ya msitu kuna miti ya Prunus africana, mizeituni-mwitu na miraa ya mwituni iliyokua ikawa miti mirefu. Matawi yake yamevaa okidi, makangaga na ndevu za kijani zinazoning'inia, zote zikinywa ukungu.

Kwenye majabali ya Kitui na Makueni kuna maua ya aina nyingine, yaliyozoea udongo mwembamba na ukame badala ya baridi. Mimea ya jamii ya Xerophyta hukauka kabisa wakati wa kiangazi, ikaonekana kama imekufa, na mvua ikinyesha hurejea kuwa ya kijani na kuchanua. Mishubiri, ambayo Wakamba huiita kiluma, hutoa mikonga ya maua ya rangi ya waridi au nyekundu inayowavuta ndege chozi. Iko hata gladiola yenye maua meupe yenye mrija mrefu iliyobeba jina la eneo hilo katika vitabu vya sayansi: Gladiolus ukambanensis.

Mimea ya Ukambani ilianza kukusanywa kwa ajili ya sayansi zamani. Mjerumani Johann Maria Hildebrandt alifika Kitui mwaka 1877 akiwa njiani kuelekea Mlima Kenya, akalazimika kurudi kabla ya kuufikia. Hata hivyo wenyeji waliijua na kuilinda mimea yao kabla ya hapo. Sehemu za ibada ziitwazo mathembo, ambazo nyingi ziko vilimani, zilikatazwa kukatwa miti. Katika sehemu kadhaa, ni katika mathembo hayo ambamo uoto wa asili umesalia huku mashamba yakiuzunguka pande zote.

UKUNGU UNAOGEUKA MAJI

Juu ya Vilima vya Chyulu hakuna mto hata mmoja unaotiririka. Mvua na ukungu unaodondoka kutoka majanini huzama katika mawe ya volkano yenye matundu, ukasafiri chini kwa chini na kuchomoza mbali. Chemchemi za Umani karibu na Kibwezi hupata maji yake kwa njia hiyo. Chemchemi za Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, nazo hulishwa na Chyulu, na maji yake yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950.

Okidi na makangaga kwenye matawi ya Chyulu basi si pambo tu. Ni sehemu ya mtego unaonasa ukungu. Msitu ukifyekwa au kuchomwa, mawingu hupita juu ya nyasi bila kuacha matone.

HAKUNA PA KUPANDIA ZAIDI

Hatari ya kwanza kwa mimea hii ni joto. Kwa wastani, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mtu anapopanda mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi moja tu, mmea unaotaka hali ileile ya zamani hulazimika kuhamia yapata mita 170 juu. Katika Mlima Kenya nafasi ingalipo, ingawa ni finyu. Mmea ulioko kileleni mwa Mbooni au Nzaui hauna pa kwenda.

Dalili zinaonekana mlimani. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote katika Mlima Kenya, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mioto mikubwa iliunguza vichaka vya juu mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Senesio na lobelia hukua polepole, hivyo bonde lililoungua huchukua miaka mingi kurudia hali yake.

Hatari ya pili hutokana na mikono ya watu. Katika vilima vya Mbooni na Kilungu, mashamba yamepanda hadi karibu na vilele, na misitu ya kupandwa ya mikaratusi na misaipresi imechukua sehemu ya msitu wa asili. Huko Chyulu, moto, malisho na ukataji wa miraa ya mwituni vimekuwa vikiula msitu kutoka kingoni. Mfano wa jirani unatosha kuwa onyo. Katika Vilima vya Taita, urujuani wa Kiafrika uitwao Streptocarpus teitensis umebaki katika msitu wa Mbololo pekee, na uko katika hatari kubwa ya kutoweka.

ULINZI ULIOPO

Mlima Kenya ulitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1949, na mwaka 1997 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu ya Chyulu ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Okidi zote na karibu mishubiri yote ya mwituni zinalindwa na mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii zinazoishi kando ya misitu kushiriki katika usimamizi wake kupitia vyama vyao. Huko Kitui Kusini, kilima cha Mutomo kina hifadhi ya mimea ya asili ya maeneo kame.

Vilele vidogo vya Ukambani, hata hivyo, havina umaarufu wa mbuga. Hatima yake imo mikononi mwa serikali za kaunti na wakulima wanaopakana navyo. Kuacha ukanda wa miti ya asili kileleni, kutochoma nyasi karibu na msitu na kuheshimu mathembo yaliyosalia ni hatua zilizo ndani ya uwezo wao. Jabali linaweza kubaki bila udongo kwa karne nyingi na bado likatoa maua. Likishanyimwa ukungu, hata maua hayo hayatarudi, na chemchemi iliyo chini yake itafuata.