Mtungi na Kisima: Tarikhi ya Uzito wa Kompyuta

Mteja anayeipeleka kompyuta yake ya mpakato kwa fundi wa Kariakoo, akaiweka mezani na kukifungua kifuniko chake, aghalabu hasemi kwamba inakwenda polepole. Husema imekuwa nzito, kana kwamba kitu kile, ambacho mwanafunzi hukichukua kwapani bila ya taabu, kimetiwa mawe usiku. Neno hilo halikukosewa. Katika tarikhi ya mashine hizi uzito umekuwa wa namna mbili, wa mizani na wa mwendo, na tangu zilipotoka mezani zikaja mapajani, kila ratili iliyopunguzwa katika uzito wa kwanza imedai malipo yake katika ule wa pili. Atakaye kujua kwa nini fundi hufanya afanyayo, na kwa nini baadhi ya dawa huponya na nyingine ni hirizi tupu, hana budi kuufuata uzito huu toka ulikozaliwa.

Sharti kwanza tuchungulie ndani. Katika kila kompyuta mna mpishi, mna mtungi na mna kisima. Mpishi ni prosesa, ambayo hukokotoa kila kitu, lakini haiwezi kupika ila kwa maji yaliyo karibu na mkono wake. Mtungi ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM; uko jikoni pamoja na mpishi, ni mwepesi kuchotwa, lakini ni mdogo, na umeme ukizimwa humwagika wote. Kisima ni diski, ambacho ni kipana na hakikauki umeme ukikatika, ila kiko mbali. Mpishi akikosa maji mtungini hutuma mtu kisimani, na wakati mtu huyo yu njiani yeye hukaa, mwiko mkononi, hana la kufanya. Kukaa huko ndiko mwenye kompyuta akuonako kiooni akasema imeganda. Na mara nyingi zaidi kuliko watu wadhanivyo, mpishi hana hatia yoyote, hatia ni ya njia.

Kisima cha kwanza cha diski kilichimbwa San Jose, California, na kampuni ya IBM, ambayo mwezi wa Septemba 1956 iliitangaza mashine yake ya RAMAC. Diski zake zilikuwa 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, mithili ya sinia la pilau ya arusi, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Na zote pamoja, katika kabati lililozidi tani moja kwa mizani, zilihifadhi herufi milioni 5, kiasi ambacho leo hakitoshi picha mbili tatu za simu. Kuipata habari moja kulichukua kwa wastani sehemu 6 katika 10 za sekunde, na muda huo ulistahili sifa, kwa kuwa kabla yake aliyetaka habari iliyo mwisho wa utepe wa sumaku ilimlazimu kuupitisha utepe wote mpaka aifikie. Kisima kikawa karibu kuliko zamani. Hata hivyo prosesa nazo zilikuwa zikizidi wepesi mwaka hata mwaka, na mpishi mwepesi huiona njia ile ile kuwa ndefu kuliko mpishi mzito.

Wa kwanza kuishughulikia njia hiyo kwa hekima kubwa walikuwa wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Manchester, wakiongozwa na Tom Kilburn, ambao mashine yao iitwayo Atlas ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962. Mtungi wake ulichukua maneno 16,384, na nyuma yake palikuwa na pipa la sumaku lililochukua maneno 98,304. Kabla ya hapo mtunga programu alilazimika kupanga mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, ni fungu gani litoke pipani na lini lirudishwe. Atlas ilimwondolea mashaka hayo kwa hila njema, ikamwonyesha mtungi na pipa kama kwamba ni chombo kimoja kikubwa, na yenyewe, kwa siri, ikawa inaleta kurasa za maneno 512 kila moja zilipohitajiwa, na kuzirudisha zilizokuwa hazitumiki. Hila hiyo imo katika kila kompyuta ya mpakato ya leo: RAM ikijaa, mashine hukata kipande cha diski na kukihesabu kuwa ni kumbukumbu, na mwenyewe huendelea kufungua madirisha bila ya kujua kwamba sasa anachota kisimani.

Ila kila hila ina mpaka wake, na aliyeueleza mpaka huu ni Mmarekani Peter Denning, katika makala zake za 1968. Jambo lililokuwa likiwashangaza wenye mashine kubwa za wakati ule ni kwamba programu zilipoongezwa moja baada ya moja kazi iliongezeka vizuri, kisha, kwa kuongezwa moja tu zaidi, mashine nzima iliporomoka ghafula ikawa haifanyi lolote la maana. Denning alionyesha kwamba kila programu ina fungu lake la kurasa ambalo hailiachi kwa wakati fulani, na jumla ya mafungu hayo ikiuzidi mtungi, hapo kila ukurasa uletwao humfukuza mwingine ambao utatakiwa punde hiyo hiyo, na wanaotumwa maji hupishana njiani kutwa nzima bila ya chungu kuchemka. Hivyo yule ndugu asiye fundi, ambaye shauri lake ni moja tu, la kufunga madirisha usiyoyatumia, ananena pasipo kujua lililothibitishwa kwa hesabu zaidi ya nusu karne iliyopita.

Huku kwetu maradhi hayo yalichelewa kufika, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alizuiliwa mlangoni. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali, kwa kuchelea upotevu wa fedha za kigeni kwa mashine ambazo manufaa yake hayajadhihirika, ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku hayo yakaja kulegezwa taratibu katika miaka iliyofuata. Zilipoanza kuingia kwa wingi, nyingi ziliingia kama ziingiavyo nguo za mtumba: zimekwisha kutumikia mabwana wengine Ulaya na Dubai, na zimekwisha kuzoea uzito wao. Kwa ajili hiyo fundi wa Dar es Salaam au wa Mombasa hakujifunza kwanza kuunda, alijifunza kuhuisha.

Kadhalika mashine zenyewe zilikuwa safarini, zikitoka kabatini kwenda mapajani. Osborne 1, iliyotolewa 1981 ikasifiwa kuwa ya kuchukulika, ilikuwa na uzani wa kilo 11 hivi, RAM ya kilobaiti 64, na haikuwa na kisima chake ila vidiski viwili vya kuchomeka. Ili kompyuta ipakatwe kweli kweli ilitakikana diski ndogo, nayo ilipatikana 1988, pale kampuni ya PrairieTek ilipotoa diski ya inchi 2.5 yenye megabaiti 20. Hapo ndipo malipo yalipoanza. Diski za kompyuta za mezani zilikuja kuzoea kuzunguka mara 7,200 kwa dakika, ilhali zile za mpakato, kwa kuihurumia betri na kuogopa joto, ziliachwa kwenye 5,400, au hata 4,200. Prosesa nazo zilifungwa lijamu: mwaka 2000 Intel ilileta ufundi wa SpeedStep, ambao kwao kompyuta iliyochomolewa umeme hujipunguzia mwendo yenyewe, na prosesa inayopashwa joto kupita kiasi, kwa vumbi lililosongamana katika feni, hujipunguzia vile vile ili isiungue. Ndiyo maana ziko mpakato zilizoponywa kwa brashi, pampu ya upepo na kupakwa dawa mpya ya kupoza prosesa, na mwenyewe akadhani fundi ametia kitu ndani.

Katika miaka ya 1990 dawa iliyojulikana zaidi ilikuwa ni kupanga diski. Faili likiandikwa, likafutwa, likaandikwa jingine, nafasi za diski hubaki na mapengo, na faili kubwa lijalo baadaye hukatwa vipande vipande likatiwa katika mapengo hayo, hata kichwa cha kusomea kikawa kinarukaruka huku na huku kulikusanya. Programu za Peter Norton, zilizoanza kuuzwa 1982, zilikuja kuwa na chombo cha kuvirudisha vipande hivyo pamoja, na mwaka 1993 Microsoft ilikichukua chombo cha namna hiyo ikakitia katika MS-DOS 6. Waliokuwa na kompyuta siku hizo hawajasahau kuketi mbele ya kioo usiku, wakiyatazama mapande madogo ya rangi yakihama moja moja na kujipanga safu. Na dawa hii ilikuwa ya kweli, kwani haikuongeza maji wala mtungi, bali iliisafisha njia ya kisimani.

Lakini wakati njia ikisafishwa, wageni walikuwa wakiongezeka jikoni. Niklaus Wirth wa Uswisi, aliyeiunda lugha ya Pascal, aliandika 1995 kuziombea programu zipunguzwe unene, akilalamika kwamba zinazidi uzito kwa haraka kuliko mashine zinavyozidi wepesi. Hesabu zilikuja kumuunga mkono. Windows 95 ilitaka RAM isiyopungua megabaiti 4. Windows XP ya 2001 ikataka 64. Vista ya 2007 ikataka 512. Na Windows 11 ya 2021 ikataka gigabaiti 4, yaani mara 1,024 ya ile ya kwanza katika muda wa miaka 26, ilhali barua inayoandikwa na karani haikurefuka hata kwa mstari mmoja. Hapa ndipo linapojibiwa swali la wengi, kwamba kompyuta iliyokuwa nyepesi siku ya kununuliwa imezeekaje na hali haina viungo vya kuchoka ila feni na diski. Mtungi ni ule ule. Waliokuja kuunywea ndio waliozidi, na baadhi yao, wale wanaojiamsha wenyewe kila mashine iwashwapo, wamekwisha kukinga vikombe kabla mwenye nyumba hajaketi.

Palipo na maradhi mengi na dawa ghali hapakosi muuza hirizi. Katika mwaka ule ule wa 1995, RAM ikiwa bado ni ya bei kubwa, kampuni moja ya California iitwayo Syncronys iliuza programu ya SoftRAM95 kwa ahadi ya kuikuza kumbukumbu maradufu bila ya kununua hata kipande kimoja. Walioifungua na kuichunguza hawakuiona ikifanya ilichokiahidi, na mwaka 1996 tume ya serikali ya Marekani inayolinda biashara ya haki iliishughulikia kampuni hiyo kwa madai yasiyo ya kweli. Jamaa za hirizi hiyo hawakutoweka. Hata leo mtu akitafuta dawa ya uzito huletewa programu za kuongeza kasi, ambazo zenyewe ni wageni wengine wanaokuja na vikombe vyao.

Dawa ya kweli ilikuwa ikiiva mahali pengine. Mjapani Fujio Masuoka, akiwa katika kampuni ya Toshiba, alibuni katika miaka ya 1980 kumbukumbu isiyozunguka wala kusahau umeme ukikatika; na mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, iliyokuja kuitwa SanDisk, ilitoa diski ya kumbukumbu hiyo, ya namna iitwayo leo SSD, yenye megabaiti 20 kwa bei iliyokaribia dola 1,000. Ilichukua miaka mingi bei kushuka hata mtu wa kawaida akaifikia, lakini ilipomfikia, mambo yaligeuka. Katika diski ya mpakato izungukayo mara 5,400 kwa dakika, kungojea mzunguko peke yake ni kiasi cha sehemu 5 au 6 katika elfu za sekunde, kabla ya kuhesabu mwendo wa kichwa; katika SSD hakuna kinachozunguka wala kinachotembea, na jawabu hupatikana katika sehemu moja ya kumi ya elfu ya sekunde, au chini ya hapo. Kisima kilihamishwa kikaletwa uani. Fundi aliyekuwa akikesha na mapande ya rangi akaiacha kazi ile, kwani kuipanga SSD hakufai kitu na huila bure. Akawa anang'oa diski ya zamani, anatia SSD, anaongeza kipande cha RAM, na kompyuta ya mtumba iliyokuwa ikifunguka wakati birika linachemka ikawa inafunguka kabla kikombe hakijaoshwa.

Walakini mizani haikusahau deni lake. Mwezi wa Januari 2008 kampuni ya Apple ilitoa MacBook Air, kompyuta nyembamba iliyochomolewa katika bahasha mbele ya hadhara, yenye uzani wa kilo 1.36 tu. Aliyetaka aliweza kuinunua ikiwa na SSD ya gigabaiti 64, kwa nyongeza ya dola 999, na hivyo akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuwa na kisima uani. Lakini RAM yake ya gigabaiti 2, ili wembamba ule upatikane, iligandishwa kwa lehemu kwenye bodi, isichomolewe wala isiongezwe. Na mtindo huo wa mtungi uliojengewa ukutani umeenea katika mpakato nyembamba za kampuni nyingi tangu siku hizo. Mashine moja ilileta pamoja dawa kubwa kuliko zote zilizotangulia na kufuli la dawa iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Kwa hiyo mteja wa leo, akiiweka kompyuta yake nyembamba kwenye meza ya fundi na kusema imekuwa nzito, huenda akamwona fundi akiigeuza, akatazama chini yake, akafungua parafujo, akachungulia, kisha akazikaza tena bila ya kutoa chochote wala kutia. Atamfungia programu zinazojiamsha, atampunguzia vumbi, na atamwambia kwamba RAM ya mashine hii ilikwisha kuchaguliwa dukani, siku ile alipoipima kwa mkono mmoja akaisifu kwa wepesi wake.